Wimbo unamzindua baba, lakini anaita jina la mwanamke mwingine

SWALI

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mtoto wa tatu katika familia ya watoto wanne. Tangu mume wangu alipohamishiwa Morogoro kikazi ninaishi karibu na nyumbani kwa wazazi wangu, na mimi ndiye ninayesaidiana na mama kumuuguza baba. Baba ana miaka 77, mama ana miaka 69, na walioana mwaka 1978. Madaktari walitueleza kwamba baba ana demensia na kwamba dalili zake zinaelekea zaidi ugonjwa wa Alzheimer. Alianza kwa kusahau alikoweka funguo, kisha akawa anauliza swali lilelile hata kabla chai haijapoa, na sasa zipo siku ambazo hamtambui hata mama. Humwita "dada" na kumshukuru kwa chakula kama mgeni anavyomshukuru mwenyeji wake.

Baba alikuwa mpenzi mkubwa wa muziki wa dansi. Ujana wake aliupitisha hapa mjini, mchana akiwa kiwandani na Jumamosi usiku akiwa dansini, enzi ambazo Morogoro Jazz na Cuban Marimba ziliwagawa watu wa mji huu, na hadi alipoanza kuugua hakuna aliyeweza kumshinda katika ubishi wa bendi ipi ilikuwa bora. Mtoto wa kaka yangu alimjazia nyimbo za zilipendwa kwenye memori kadi na kumnunulia spika ndogo. Tulipoweka kwa mara ya kwanza wimbo mmoja wa Mbaraka Mwinshehe wa miaka ya mwanzoni mwa sabini, nilistaajabu. Baba alikuwa amekataa kuoga na kukataa uji tangu asubuhi. Akainua kichwa, vidole vya mkono wake wa kushoto vikaanza kutembea juu ya fimbo kana kwamba anabana nyuzi za gita, na waitikiaji walipoingia naye akaitikia, neno kwa neno, bila kukosea. Wimbo ulipofika kwenye chemko, pale mapigo yanapokolea, alicheka, akaomba chakula, akala kwa mkono wake mwenyewe. Tangu hapo Jumapili mchana ikawa ndiyo saa yetu ya kumpata baba.

Tatizo lilianza na wimbo huohuo. Mama alikuwa ameketi mlangoni akipepeta mchele. Baba akamnyooshea mkono, akamwita kwa jina la mwanamke ambalo sitalitaja hapa, akamwambia, "Njoo basi, wimbo wetu huo, watamaliza." Jina hilo si la mama, si la ndugu yetu yeyote ninayemfahamu, wala halimo katika maneno ya wimbo. Ungo ukasimama mikononi mwa mama, kisha akaendelea kupepeta. Jioni, tukiwa jikoni wawili tu, alisema, "Hilo jina nalijua," halafu akaanza kuzungumzia bei ya mkaa.

Jambo hilo limejirudia, na kila mara ni kwa wimbo uleule. Jumapili moja nilikuta spika imefichwa kabatini chini ya mashuka. Mama hakusema neno, nami sikuuliza. Siku hiyo baba alishinda kitandani amegeukia ukuta.

Ndugu zangu hawanisaidii. Kaka yetu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, ananiambia kwa simu kwamba mzee ana haki ya furaha yake ya mwisho na kwamba mama ni mtu mzima, atavumilia. Dada yangu anasema kuendelea kupiga wimbo huo ni kumdhalilisha mama ndani ya nyumba yake. Mdogo wetu anataka tuwatafute marafiki wa zamani wa baba, tujue mwanamke huyo alikuwa nani, na kama mambo hayo yalikuwa kabla ya ndoa au baada ya ndoa.

Mimi nimekwama. Nikiuweka wimbo, nampata baba lakini najiona ninamsaliti mama. Nisipouweka, nakaa na mzee asiyenijua hadi jua linazama. Tena kuna jambo ambalo sijamwambia mtu: nimeanza kumkasirikia baba, na yeye mwenyewe hana tena uwezo wa kujitetea. Je, wimbo unaweza kweli kufichua siri ambayo mtu ameitunza miaka yote hiyo? Na nifanye nini Jumapili ijayo?

Binti wa Njiapanda,
Morogoro

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Barua yako nimeisoma kwa utulivu zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake kuna watu wawili wanaoumwa ingawa mmoja tu ndiye anayepelekwa kliniki.

Naona umeniuliza maswali mawili yaliyofungamana. Moja ni la uuguzi: je, uendelee kumpa baba kitu kinachomfanya ale, aongee na acheke, ikiwa kitu hichohicho kinamchoma mama? La pili linahusu ukweli: je, baba mliyemjua ndiye baba aliyekuwapo? Ndugu zako wanagombana juu ya la kwanza huku mioyo yao ikiwa imeshikwa na la pili, na nadhani ndiyo sababu kila mmoja ana uhakika kiasi hicho.

Nianze na kile kinachotokea kwa baba wimbo unapoanza, maana kukielewa kunaweza kukupunguzia uzito. Ugonjwa wa Alzheimer kwa kawaida huanza kwa kuharibu sehemu za ubongo zinazopokea na kuhifadhi mambo mapya, ndiyo maana baba alisahau funguo za jana kabla ya kusahau mambo ya ujanani. Muziki haukai mahali pamoja katika ubongo. Mapigo, tuni, maneno, mwendo wa vidole na hisia iliyoambatana navyo vimetawanyika sehemu nyingi, na baadhi ya sehemu hizo huchelewa kuguswa na ugonjwa. Mwaka 2009 mtafiti Petr Janata wa Chuo Kikuu cha California, Davis, alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba eneo la ubongo lililo nyuma ya paji la uso hufanya kazi zaidi mtu anaposikia wimbo unaomkumbusha maisha yake mwenyewe. Aliwapima vijana wenye afya, si wagonjwa, kwa hiyo tusiubebeshe utafiti wake mzigo usio wake. Hata hivyo unaendana na ulichokiona kwenye ile fimbo, kwani eneo hilo ni miongoni mwa yale ambayo Alzheimer huchelewa kuyaharibu.

Kuna jambo jingine ambalo watafiti wa kumbukumbu wamelikuta mara kwa mara. Watu wazima wakiombwa waeleze maisha yao, mambo wanayoyakumbuka kwa wingi na kwa uwazi huwa ya takriban umri wa miaka 10 hadi 30, na nyimbo walizozisikia katika miaka hiyo huwa na nguvu kuliko walizozisikia baadaye. Sasa piga hesabu ya baba yako. Kipindi hicho kinaishia karibu kabisa na mwaka 1978, alipomwoa mama yako. Mbaraka Mwinshehe alikuwa na Morogoro Jazz hadi mwaka 1973, akaenda kuanzisha Super Volcano, akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya Januari 1979. Wimbo wa mwanzoni mwa miaka ya sabini ulipokuwa ukipigwa dansini, mama yako alikuwa bado binti mdogo ambaye baba huenda hakuwa hata amemwona. Hapo ndipo ningependa usimame na kutafakari. Wimbo huu hauwezi kwa urahisi kumpeleka baba kwa mama, kwa sababu ulimkuta kabla ya mama. Baba kuamkia huko hakutoshi kuonyesha kwamba alimpenda mtu wa huko zaidi ya mwanamke aliyeishi naye miaka yote iliyofuata.

Umeniuliza kama wimbo unaweza kufichua siri. Unaweza kuamsha jambo la kweli lililolala muda mrefu, hilo silikatai. Lakini kumbukumbu si kanda iliyorekodiwa ikawekwa kabatini. Kila inapoitwa, akili huiunda upya kutokana na vipande ilivyo navyo, na kwa mgonjwa wa demensia vipande hivyo huchanganyika zaidi: sura ya huyu, jina la yule, usiku wa siku nyingine. Unasema jina hilo halimo katika wimbo, nami nakuamini. Kumbuka tu kwamba nyimbo nyingi za dansi za miaka ile zilibeba majina ya wanawake. Marijani Rajab peke yake aliimba "Georgina" akiwa na Safari Trippers na "Zuwena" akiwa na Dar International. Jina linaweza kuwa la mchumba wa zamani, la jirani aliyekuwa akicheza naye, au likawa limetoka kwenye wimbo mwingine wa usiku uleule. Linaweza pia kuwa ndilo lile mnaloliogopa. Mimi siwezi kujua, na sidhani baba mwenyewe anaweza tena kuwaambia.

Turudi kwa mama. Aliposema, "Hilo jina nalijua," wewe ulisikia jeraha. Mimi ninaposoma maneno hayo nasikia mambo zaidi ya moja. Huenda ni jeraha kweli. Huenda ni habari aliyoelezwa na baba mwenyewe kabla ya ndoa, wakaicheka pamoja, ikaisha. Huenda ni jambo alilolijua na kulisamehe zamani, na sasa linamchosha kulazimika kulisamehe tena mbele ya watoto. Hata ile spika chini ya mashuka haisemi kitu kimoja tu. Anaweza kuwa ameificha kwa uchungu, au kwa sababu hataki majirani wasikie jina hilo likiitwa uani kwake, au kwa sababu siku hiyo alihitaji kimya. Katika barua yako yote, mwanangu, watu wanne mmeamua mama anahisi nini, na hakuna aliyemuuliza.

Ukiamua kumuuliza, pengine ni vyema kuanza na spika kuliko kuanza na jina. Mnaweza kuwa wawili tu, kazi ikiwa mikononi, kwa sababu mama zetu wengi huongea vizuri zaidi macho yakiwa kwenye mboga. Unaweza kusema, "Mama, niliikuta spika kabatini. Nataka nifanye unavyotaka wewe, ila sijui unavyotaka." Halafu unyamaze, hata kimya kikiwa kirefu. Hatari ya njia hii ni kwamba anaweza kukataa kuongea, au akasema jambo ambalo hutaweza kulisahau. Akikataa, ana haki hiyo. Ndoa yao ilikuwa yao kabla hujazaliwa, na kuna vyumba vyake ambavyo mtoto haingii hata mlango ukiwa wazi.

Ninajiuliza pia kama kinachomuuma zaidi ni lile jina, au ni kule kuitwa "dada" wiki nzima na mtu anayemwogesha na kumlisha, halafu akamwona anachangamka kwa ajili ya mtu mwingine. Kama ni hivyo, kumnyima baba wimbo hakutampa mama anachokikosa. Umeniandikia kwa kirefu muziki wa baba, na kwa uzuri sana, lakini hujaniambia hata mstari mmoja kuhusu muziki wa mama. Naye alikuwa na ujana. Naye alisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo miaka ile ndiyo ilikuwa redio ya Bara nzima. Wimbo wake ni upi? Walipooana, ni nini kilichokuwa kikipigwa?

Nauliza kwa sababu hapo pengine ipo njia ambayo hamjaijaribu. Mwaka 1978 walipooana ndio mwaka ilipoanzishwa bendi ya Mlimani Park, maarufu kwa jina la Sikinde, na katika miaka yao ya mwanzo ya ndoa nyimbo zake zilisikika nyumba hadi nyumba. Mama anaweza kuchagua nyimbo za miaka hiyo, zile walizozisikia wakiwa wameshakuwa wawili, au nyimbo za siku ya harusi yao, ziwe za kwaya, kaswida au ngoma za kwao. Baba alikuwa akikaribia miaka 30 wakati huo, kwa hiyo zipo zinazoweza kumgusa. Sikuahidi kwamba zitafanya kazi kama ule wa Mbaraka. Inawezekana mama akachagua kwa matumaini makubwa na baba akakaa kimya, na hilo nalo litauma, kwa hiyo ni vizuri kumwandaa mapema kwamba ubongo wa mgonjwa hauchagui kwa kufuata thamani ya mtu.

Njia nyingine ni kuuacha kabisa wimbo huo na kubaki na nyingine za zilipendwa. Unasema jina hutoka kwa wimbo mmoja tu, na ikiwa nyimbo nyingine nazo humfanya baba ale, mtakuwa mmepoteza kidogo na kuokoa mengi. Ila ukubali kwamba huenda ule ndio wenye nguvu kuliko yote, na kwamba kesho wimbo mwingine unaweza kuamsha jina lilelile.

Najua pia umeshawaza kuuweka mama akiwa sokoni. Sikulaumu, lakini njia hiyo ndiyo inayonipa wasiwasi zaidi. Siku mama akirudi mapema, au jirani akamsimulia, hatamwona baba kuwa ndiye aliyemficha. Atakuona wewe. Zaidi ya hapo, saa nzuri ya baba itakuwa imetengwa na mke wake, na sina hakika kama mama, akiulizwa, angependa kuikosa.

Mkikubaliana kuendelea, yako mambo madogo yenye maana. Muziki uwekwe kwa muda mfupi, kabla ya kuoga au kula, bila televisheni wala watu wengi kuongea, na usimamishwe baba akionyesha huzuni au kuhangaika. Akiita lile jina, hakuna haja ya kumsahihisha wala kumhoji; atafadhaika, na jibu lake halitakuwa ushahidi wa jambo lolote. Unaweza kumwambia, "Wimbo mzuri huu, tusikilize," ukamshika mkono wewe. Mama asishinikizwe kuitika kwa jina lisilo lake. Siku akitaka mwenyewe kumpa mkono, hilo nalo ni lake, na lisigeuzwe kuwa desturi anayotegemewa kuifuata.

Kuhusu wazo la mdogo wako, ningewaomba mjiulize kwanza jibu mtalifanyia nini. Mkiambiwa ilikuwa kabla ya ndoa, mama ameshaumia bila sababu kwa sababu ya uchunguzi wenu. Mkiambiwa ilikuwa baadaye, hamtakuwa na wa kumwuliza, na mwanamke huyo, kama yu hai, ana familia yake ambayo haikuomba habari hizi. Naelewa kwamba kutojua nako kunatafuna. Ila kama kuna mtu mwenye haki ya kuamua jina hilo lifuatiliwe au liachwe, namwona mama mbele yenu nyote. Na kaka yako, kabla hajaamua kwa simu, mwombe aje akae Jumapili moja nzima, amwogeshe baba, awepo jina likiitwa, halafu ndipo mzungumze.

Ile hasira uliyoniandikia ukiwa hujamwambia mtu naichukulia kwa uzito, na sikuoni kuwa mtoto mbaya. Unamwomboleza mzazi aliye hai, na maombolezo ya namna hiyo hayana matanga wala siku ya kuanua. Pengine unamkasirikia kijana wa mwaka 1971 usiyemfahamu, aliyekaa mahali pa baba uliyemzoea. Tafuta mtu mmoja wa kumwambia, awe mume wako au ofisa wa ustawi wa jamii katika hospitali mnayohudhuria, usiibebe peke yako.

Jambo moja usilisubirishe. Siku ile baba aliposhinda amegeukia ukuta, mliihusisha moja kwa moja na kukosa wimbo, na huenda ni kweli. Lakini mgonjwa wa demensia anaweza kunyamaza na kujitenga kwa sababu ya maumivu asiyoweza kuyaeleza, maambukizi ya njia ya mkojo, au sonona. Ikitokea tena, msingoje tarehe ya kliniki. Mpelekeni aonwe na daktari mapema.

Ukishazungumza na mama, niandikie tena. Ningependa hasa kujua ametaja wimbo gani.